Fuko Mdogo na Salamu ya Nyumbani

Fuko mnamjua, yule anayetufukulia viazi shambani. Leo napenda kuwapasha habari za jamaa yake asiye na manyoya, akaaye chini ya ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Ni mdogo kama panya, ngozi imekunjamana, macho yake karibu hayaoni kitu. Huishi wengi pamoja, mara nyingi 70 au 80, na malkia mmoja tu ndiye azaaye.

Katika giza lile watajuanaje? Kwa sauti. Wakikutana hulia kama ndege mdogo. Mmoja huita, mwenziwe huitikia, kama sisi tunavyopigiana hodi.

Mwaka 2021 wataalamu wa Berlin, Ujerumani, akiwamo Bibi Alison Barker, walitangaza waliyoyaona. Walikuwa wamenasa milio 36,190 ya mafuko 166 wa jamii 7, waliofugwa Berlin na Pretoria. Kumbe kila jamii ina lafudhi yake! Fuko akisikia lafudhi ya kwao huitikia zaidi kuliko akisikia ya wageni. Na mgeni akiingia shimo lisilo lake aweza kuuawa.

Sasa sikilizeni. Watoto 3 yatima walitiwa katika jamii nyingine wangali wachanga. Je, walishika lafudhi ya waliowazaa? Hata kidogo. Walipokua walilia kama walezi wao. Tena malkia akifa, lafudhi ya jamii hulegea, kila mmoja akalia kivyake, mpaka apatikane malkia mwingine.

Nyumbani kwangu yumo mtoto wa marehemu dada yangu, aliyeletwa angali ananyonya. Watu waliniuliza, “Huyu atakuwa wenu kweli?” Leo ana miaka saba. Akisema “Shikamoo, baba” nje ya mlango usiku, siwezi kupambanua sauti yake na ya wanangu. Maneno anayavuta vilevile kama mke wangu anavyoyavuta.

Binadamu si fuko, najua. Lakini wazee wetu walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Salamu haimo katika damu. Mtoto huipokea kinywani mwa anayemlea. Basi wewe mwenye yatima nyumbani, usingoje akue. Mwite, naye akiita mwitikie. Na sote tuyaangalie tunayosema jioni penye moto, maana masikio madogo yapo, yanasikiliza.