Rangi za Mpakani

Fundi anayesimuliwa hapa ndiye mwandishi mwenyewe. Kajiweka kando kidogo ili kazi ionekane kuliko mtu.

Alishika brashi Kasese, magharibi mwa Uganda, katika miaka ya tisini. Mji huo ulikuzwa na shaba: reli ilifika mwaka 1956 kubeba madini ya mgodi wa Kilembe. Yeye alipoanza, mgodi ulikuwa umeshasimama, na riziki ya mchora mabango ilitoka kwa wenye maduka, saluni, shule na makanisa. Hakuna aliyeiita kazi hiyo usanifu wa michoro. Aliitwa fundi wa rangi, akalipwa kwa bango.

Ufundi wenyewe ulianza na uzi uliopakwa chaki, unavutwa ukutani na kuachiliwa uchape mstari. Kisha anahesabu herufi, anatafuta ya katikati, anaanzia hapo kwenda kushoto na kulia. KASESE halisumbui, maana herufi zake zina upana unaokaribiana. MPONDWE, jina la mji wa mpakani, ni kesi nyingine. Herufi ya katikati ni N, lakini M na W ni pana, na asiyezibana mapema atajikuta E ya mwisho imefika kwenye fremu ya mlango.

Halafu zikaja simu. Celtel ilianza Uganda mwaka 1995, MTN ikafuata mwaka 1998 na manjano yake, na kuta za barabarani zikawa mali ya kugombaniwa. Mwenye duka alipewa rangi bure; alichotoa ni ukuta. Jina lake mwenyewe likasogezwa pembeni, dogo, juu ya dirisha. Mwaka 2008 Celtel ikawa Zain, na mwaka 2010 Zain ikawa Airtel, na kila mara mafundi waliitwa tena. Kuna kuta ambazo ukizikwangua kwa kisu utaona rangi zilivyolaliana, kampuni juu ya kampuni.

Kura ya maoni ya mwaka 2005 iliporudisha vyama vingi, uchaguzi wa 2006 ulileta kazi ya aina nyingine. Mpiga kura asiyejua kusoma anahitaji picha: basi la NRM, ufunguo wa FDC, jembe la DP, kiganja cha UPC. Ni jambo rahisi kulisema, ila ufunguo ukichorwa na meno madogo, mtu aliye ng'ambo ya barabara ataona kijiko. Mbinu hiyo ya picha kusema bila maneno imetumika hata kwenye mashindano makubwa ya dunia. Mwaka 1972, John Akii-Bua alipoipatia Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Munich, kila mchezo ulitambulishwa kwa alama sahili zilizosanifiwa na Mjerumani Otl Aicher.

Kompyuta ilipofika, fundi alijifunza programu ya kuchorea ya CorelDRAW na kuhamia Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Mabango makubwa yalichapwa Kampala, kwenye maduka ya Nasser Road. Faili liliondoka na basi ndani ya flashi, bango likarudi limeviringishwa. Wachoraji wenzake wengi walibaki bila kazi, kwani mteja aliyewahi kusubiri rangi ikauke hakutaka kusubiri tena.

Bwera ilimfunza kitu ambacho Kasese haikumfunza. Ng'ambo ya mto Lubiriha ni Kasindi, Kongo. Siku za soko Mpondwe hujaa watu wa Lukhonzo, Kinande, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Bango la lugha zote hizo halisomeki na yeyote.

Juni 2019 Uganda ilithibitisha Ebola wilayani Kasese, katika familia iliyovuka kutoka Kongo na kuhudumiwa hospitali ya Bwera. Wafanyabiashara wa sokoni walimwomba fundi karatasi ya kubandika vibandani. Alichora mikono miwili ikisalimiana, juu yake mistari miwili myekundu iliyokatizana, na kabla ya kuchapa akamwonyesha mama muuza samaki.

“Hawa wanasalimiana vizuri, mwanangu,” mama alisema. “Ila huu msalaba ni wa kanisa gani?”

Mikono ikaondolewa. Mahali pake wakawekwa watu wawili waliosimama mbalimbali, kila mmoja ameweka kiganja kifuani, na chini yao jerikeni yenye bomba na kipande cha sabuni. Maneno yalibaki machache, kwa Lukhonzo na Kiswahili.

Siku hizi oda nyingi ni za lebo za kahawa ya Rwenzori. Mteja wa karibuni alitaka pakiti ya robo kilo ibebe mlima, kikombe, tawi la mbuni, bendera na picha yake akiwa amevaa suti. Walibishana asubuhi nzima. Mlima umebaki mbele peke yake. Suti imehamia nyuma, pembeni ya namba ya simu, na mteja ameshalipa nusu.