Barua Kutoka Ughaibuni: Gia ya Kushukia

Denver, Colorado

Kwako mpwa wangu mpenzi,

Baada ya kukusalimu wewe na wote walioko nyumbani Kasulu, bila ya kuwasahau jamaa zetu wa Kibondo, nakuarifu ya kuwa barua yako imenifikia salama, na habari yako ya kununua pikapu ya mtumba yenye gia za otomatiki, pamoja na tela la kuchukulia maharage, nimeisoma kwa furaha iliyochanganyika na hadhari. Umeniuliza kama ni kweli kwamba magari ya huku yana kitufe cha kuvutia tela, na kama kitufe hicho huiongezea injini nguvu. Kitufe kipo, lakini nguvu hakiongezi hata chembe; na madhali dhana hiyo nimeisikia hata kwa watu wa huku wanaokibonyeza kila wiki, naona ni wajibu wangu kukueleza kwa urefu.

Gari la otomatiki lina tabia ya kubana matumizi: hupenda kupanda gia upesi, ili injini izunguke taratibu na mafuta yasipotee bure. Tabia hiyo ni njema barabara ikiwa tambarare na gari likiwa tupu, lakini likifungiwa tela la tani mbili au tatu na kukabili mlima, giaboksi huanza kuhangaika, ikipanda gia ya juu, ikaona haiiwezi, ikashuka, kisha ikapanda tena, na mahangaiko hayo yote huzidisha joto katika mafuta yake, na joto ndilo liualo giaboksi kabla ya wakati wake. Dereva akibonyeza kitufe, ambacho aghalabu huwa kwenye mkono wa gia na kimechorwa kigari kinachokokota tela, huwa ameiamuru giaboksi isubiri: ikae na gia ya chini kwa muda mrefu zaidi, isipande mpaka injini imepata mzunguko wa kutosha. Injini hunguruma zaidi, na mafuta huliwa zaidi kidogo, lakini safari hutulia.

Hayo ni ya kupanda, nami sikuketi kukuandikia kwa sababu ya kupanda, kwa kuwa gari lililoshindwa na mlima husimama tu, na mwenyewe akapunguza mzigo, ilhali lililoshindwa na mteremko halina pa kusimama. Magharibi ya mji huu ipo barabara kuu iitwayo I-70, ambayo hupenya mlima ndani ya handaki la Eisenhower, lililofunguliwa mwaka 1973, kwenye kimo cha takriban mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka humo, upande wowote uendao, wateremka. Pana mahali ambapo katika kila mita 100 za mwendo barabara huanguka mita 6 au 7, na kando yake serikali imejenga njia za dharura zilizojazwa kokoto na kuelekezwa juu mlimani, ili lori lililopoteza breki lichepuke na kuzama humo. Karibu na mji, ambapo dereva mgeni huona nyumba akadhani kwamba milima imekwisha, kimewekwa kibao cha kuwaonya wenye malori wasidanganyike, kwani zimesalia maili 4 za miteremko mikali na kona. Mwezi wa Aprili mwaka 2019 lori lenye shehena ya mbao liliteremka njia hii kwa kasi, likayavaa magari yaliyokuwa yamesimama katika msongamano huko Lakewood, na watu 4 wakafa. Dereva alisema breki zilikuwa zimekataa.

Katika njia hiyo mimi hufuatana na jirani yangu mmoja, aliyekulia katika kambi ya Nyarugusu pale kwenu, na ambaye kazi yake hapa ni kuhamisha vyombo vya watu kwa pikapu na tela. Tutokapo katika handaki huwa amekwisha kubonyeza kitufe. Gari likianza kujiachia, yeye hugusa breki mara moja, kwa wepesi, kisha huondoa mguu. Na hapo giaboksi, bila ya kuguswa na mkono, hushuka gia moja, mlio wa injini ukapanda, mshale wa mizunguko ukaruka kupita 3,000, nami nikahisi mgongoni tela likitulia nyuma yetu. Akiona mwendo bado ni mwingi, hugusa tena, na gia nyingine hushuka. Akisimama chini kupumzika, mimi huinama karibu na magurudumu, na ile harufu kali ya breki zilizoungua siisikii.

Tafadhali fikiri jambo hili kwa hesabu. Gari na tela vyenye jumla ya tani 5 vikiteremka mita 500 kwa mwendo usiozidi, huzaa joto ambalo, lau lisingechukuliwa kwa sehemu na upepo na matairi, lingetosha kuchemsha ndoo tatu na nusu za maji ya baridi, zile za lita 20. Na kutoka Kasulu mpaka ufukweni Kigoma, ambako ziwa liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, mwashuka kadiri hiyo, ingawa si kwa mkupuo mmoja. Joto hilo sharti liende mahali: ama likae katika breki, ambazo zikipata moto kupita kiasi huteleza na kanyagio likazama bure, ama lipite katika injini, ambayo ina maji na feni na imeumbwa kuhimili moto siku nzima.

Nawe waniambia kwa shangwe, na shangwe hiyo ni haki yenu baada ya miaka mingi ya vumbi, kwamba lami inatandazwa kutoka Kabingo, kupitia Kibondo na Kasulu, hadi Manyovu, njia ya kilomita kama 260 ambayo Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinishia fedha mwaka 2018. Mimi nami nimefurahi kwa moyo wote. Lakini mashimo na makorongo ya zamani, kwa taabu zake zote, yalikuwa yakiwazuia madereva wetu kwenda mbio. Lami haimzuii mtu. Mteremko ule ule uliokuwa ukishukwa kwa mwendo wa kilomita 20 utashukwa kwa 80, na kwa kuwa mwendo ukizidi mara nne nguvu ya kuzuiwa huzidi mara kumi na sita, breki zilizokuwa zikitosha jana hazitatosha.

Pikapu yako, kama ilivyo kwa magari mengi ya Japani ya miaka ile, haina kitufe cha tela, lakini tazama ubavuni mwa mkono wa gia, utaona kidude kilichoandikwa O/D. Ukikibonyeza, taa ya O/D OFF ikawaka mbele yako, umeizuia giaboksi isiingie gia ya juu kabisa, na hiyo ni nusu ya kazi ya kitufe cha huku. Nusu iliyobaki ni mkono wako: kabla ya kuukabili mteremko mkali, na si katikati yake, punguza mwendo kisha uvute mkono mpaka 2, na ukizidi ukali, mpaka L. Madereva wa zamani walikuwa wakifundishana kwamba gia ya kupandia ndiyo ya kushukia, na mashine hizi za kisasa hazijaitangua kanuni hiyo. Ila siku za mvua ushuke gia polepole, maana ukizishusha kwa ghafla magurudumu ya nyuma huteleza, na tela likaja ubavuni.

Kutia nyutro mlimani kwa kudhani waokoa mafuta, nakukataza kwa haki ya ujomba. Injini nyingi za siku hizi, zikisukumwa na gari likiwa ndani ya gia na mguu haupo kwenye mafuta, hukata mafuta kabisa, ilhali kwenye nyutro huendelea kuyanywa ili zisizimike. Kwa hiyo mtu hupoteza mafuta na breki kwa pamoja.

Mintarafu ya tela lenyewe, magunia mazito yapange mbele ya ekseli kidogo, hata sehemu ya kumi ya uzani wote, au zaidi kidogo, iegemee kwenye kiungio. Yakirundikwa nyuma, tela huanza kuyumba, na kuyumba huko hakuponywi kwa kukanyaga breki kwa nguvu. Hapa Colorado tela likifikia pauni 3,000, yaani kiasi cha kilo 1,360, sheria yataka liwe na breki zake lenyewe. Kama lako limechomelewa bila ya breki, pakia nusu ya ulivyokusudia, na uende mara mbili. Mafuta ya giaboksi yabadilishwe kabla ya msimu wa maharage, na fundi akuonyeshe yaliyotoka: yakiwa meusi na yananuka kuungua, usilifunge tela mpaka uniandikie tena.

Nisalimie mama yako, na mwambie dawa za macho alizoniagiza nimempa mtu asafiriye mwezi ujao.

Wasalaam,
Mjomba wako