Ua Lisiloogopa Chumvi, Malindi

Mgeni afikaye Malindi huona jinsi upepo wa bahari uunguzavyo mimea mingi kwa chumvi. Lakini bugenvilia hustawi juu ya kuta, nyekundu na zambarau. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mfaransa Philibert Commerson aliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767. Rangi ile si ua, bali ni majani yauzungukayo ua mdogo mweupe.

Apandaye akate kijiti kilichokomaa, akichomeke katika mchanga mahali penye jua, akinyweshe mpaka kishike mizizi. Baadaye huruma ndiyo huharibu: mti umwagiliwao kila siku hutoa majani matupu, na mizizi huoza. Ukiachwa ukauke kidogo, huchanua. Na miiba yake! Safu moja hushinda ua wowote wa makuti.