Zipu ya Jinzi Iliyochakaa

Wenzangu wakishuka Kibiti wananunua korosho. Mimi naingia kwenye mitumba, na sitafuti nguo, jamani. Natafuta vilivyoshonewa juu yake: vifungo, lesi, zipu. Jinzi imechanika magoti, muuzaji mwenyewe kaikatia tamaa, kumbe ina zipu ya shaba, imara, imeandikwa YKK, wale Wajapani walioanza kazi 1934. Moyo unadunda! Ila ukicheka tu, bei inapanda. Nakunja uso, naulizia kwanza shati nisilolitaka.

Shemeji yenu analalamika droo zimejaa takataka. Hajui deni langu. Shangazi ni fundi cherehani huko delta, unapanda boti Nyamisati, mnapita katikati ya mikoko. Zipu ikimharibikia usiku wa kuamkia harusi, hana duka la kukimbilia. Bibi harusi anasubiri gauni, na jina la fundi liko hatarini. Kwa hiyo kila nikienda nabeba mfuko wangu. Anaumwaga mkekani, anachambua kimyakimya kama mtu anayechagua mchele.

Mara ya mwisho alipata vifungo 6 vya rangi ya lulu, vyote sare. Akavipanga pajani, akaukung'uta tena mfuko.

"Mwanangu, gauni linataka 7. Kingine kiko wapi?"