Galaksi nazo zina ujana na uzee

Tumezoea kusema kwamba mambo ya dunia hupita, lakini nyota hazibadiliki. Babu zetu waliziona hivi, nasi twaziona hivi. Kumbe hata huko juu mna ujana na uzee.

Ule mkanda mweupe tunaouona usiku wa giza ni kundi moja kubwa la nyota, na jua letu limo. Kundi la namna hii huitwa galaksi, na galaksi nyingine ni nyingi mno. Je, wataalamu wamejuaje kwamba zinabadilika, nayo maisha ya mtu ni mafupi?

Wamejua kwa mwanga. Mwanga huenda karibu kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Hata hivyo mwanga wa jua hutufikia baada ya dakika 8, na ule wa galaksi ya Andromeda baada ya miaka milioni 2 na nusu. Ni kama barua iliyokawia njiani: twaisoma leo, lakini habari zake ni za siku ilipoandikwa. Basi atazamaye mbali huona mambo ya kale.

Darubini ya James Webb, iliyorushwa angani tarehe 25 Desemba 2021, imepokea mwanga uliosafiri zaidi ya miaka milioni elfu 13. Galaksi za wakati ule nyingi ni ndogo, tena hazina umbo kamili. Baadaye zilikua kwa kuvuta gesi na kwa kuungana. Miaka milioni elfu 10 hivi iliyopita, nyota zilizaliwa kwa wingi karibu mara 10 kuliko leo. Sasa gesi imepungua. Galaksi isiyozaa tena huwa nyekundu, maana nyota kubwa za buluu hufa upesi.

Wako wanaoogopa habari hizi kwa ajili ya imani. Wamkumbuke Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unapanuka na galaksi zinaachana. Hata hivyo hakukubali hesabu zake zifanywe ushahidi wa dini, wala silaha ya kuipinga. Nasi basi, watoto wakituuliza habari za nyota, tusiwanyamazishe kwa kusema, “Ni siri ya Mungu.” Tuwaeleze yanayojulikana.