Msiba Usio na Wafiwa

Mwaka 146 kabla ya Kristo majeshi ya Roma yaliua miji miwili. Karthago, mji wa Wafinisia katika pwani ya Tunisia ya leo, ilianguka baada ya kuzingirwa miaka mitatu. Korintho ya Ugiriki ikafuata mwaka huohuo. Nikisoma habari za mwaka huo, anayenisumbua ni mtu mmoja anayelia, na mtu huyo ndiye aliyewasha moto.

Jemadari Scipio Aemilianus aliitazama Karthago ikiteketea, machozi yakamtoka, akakariri beti za Homer juu ya kuanguka kwa Troya. Tunayajua hayo kwa sababu Polybius, mwanahistoria wa Kigiriki, alikuwa pamoja naye na alimuuliza sababu. Scipio alikuwa akiihofia Roma, isije ikafikwa na hayohayo siku moja. Machozi yenyewe siyatilii shaka. Ila aliulilia mji wake, uliokuwa umesimama salama ng'ambo ya bahari.

Kwetu mtu akifa ndugu hukaa matanga, majirani wakaja, na kila mmoja akatoa neno lake kuhusu marehemu. Karthago nani angeikalia matanga? Waliotoka hai katika ngome ya Byrsa walikuwa kama 50,000, na waliuzwa utumwani. Mke wa Hasdrubal, kamanda wa mji, alipoona mumewe amejisalimisha, inasimuliwa kwamba alijitupa pamoja na watoto wake katika hekalu lililokuwa likiwaka. Jina la mume limeandikwa. La mke hakuna aliyejali kulitunza.

Na Wakarthago walikuwa wamejaribu kutii. Roma ilipodai silaha zao walizitoa: deraya za watu 200,000 na mitambo ya kurushia mawe 2,000, kwa hesabu za waandishi wa kale. Kisha wakaambiwa wauhame mji, wakajenge mwingine umbali wa kilomita kama 15 kutoka baharini. Kumwambia hivyo mtu anayeishi kwa bahari ni kumwambia akafe polepole. Wakafunga malango, na wanawake wakakata nywele zao zisokotwe kamba za mitambo mipya. (Ile hadithi ya chumvi iliyomwagwa ardhini pasiote kitu haimo katika maandishi ya kale. Iliongezwa na watu wa baadaye, kana kwamba yaliyotendeka hayakutosha.)

Korintho haikupata hata jemadari wa kulia. Wanaume waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa, na Polybius aliwaona askari wakicheza dadu juu ya picha za wachoraji mashuhuri. Kamanda wao, Lucius Mummius, aliwaonya wasafirishaji wa sanamu na michoro kwamba wakipoteza kitu watalipa kingine kipya. Warumi wenyewe walimcheka kwa ujinga huo. Mimi naona alisema waziwazi imani ya mabwana zake: chochote kinaweza kufidiwa.

Basi Wakarthago walituachia nini? Lugha yao ilidumu vijijini; Askofu Augustino aliikuta ikizungumzwa Afrika Kaskazini zaidi ya miaka 500 baadaye, kabla nayo haijafa. Maktaba zao Warumi waliwagawia wafalme wa jirani. Kazi moja tu waliitaka wenyewe: vitabu 28 vya mwandishi wao Mago kuhusu kilimo, ambavyo Seneti iliagiza vitafsiriwe kwa Kilatini. Asili imepotea, na tafsiri imepotea pia. Tunavyo vipande tu ndani ya vitabu vya Warumi: jinsi ya kuchagua ng'ombe wa kulimia, na shauri kwamba anayenunua shamba auze nyumba yake ya mjini. Katika taifa zima la mabaharia na wafanyabiashara, sauti iliyotufikia kwa mkono wa adui inazungumzia ng'ombe, kwa kuwa ndicho alichohitaji.

Mwezi Februari 1985 meya wa Roma na meya wa Karthago, ambayo leo ni kitongoji cha Tunis, walitia saini mkataba wa amani. Ilikuwa ishara ya urafiki, na sioni ubaya wake. Ila msamaha hutolewa na aliyekosewa, na siku ile hapakuwa na mtu mwenye haki ya kuutoa.