Kungwi Hakutwambia

Sisi tulioolewa hapa Unguja tulifundwa mengi: kujisinga, kujifukiza udi, kumpokea mume akirudi. La kuachanisha watoto hatukuambiwa. Wengi wetu tulishika mimba ya pili wa kwanza hajaacha ziwa, na aibu ikatuzuia kuuliza.

Sensa ya 2012 ilikuta watu 1,303,569 Zanzibar. Ya 2022 ikakuta 1,889,773. Miaka kumi tu! Wala hatuhitaji karatasi kuliona hilo: shamba la babu limeshakatwa viwanja, na mfereji ukitoka maji ni foleni ya ndoo.

Wapo wanaosema kupanga uzazi ni kutoiamini riziki ya Mungu. Riziki ni Yake, hatubishi. Lakini Qur'ani imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na Jabir (R.A.) amesimulia kuwa masahaba walifanya azli, yaani kumwaga nje, wahyi ukiwa bado unashuka.

Bibi harusi, lizungumze na mwenzio mapema, hata ndani ya fungate. Mwenzetu mmoja alilizungumza na mumewe mara ya kwanza wodini, kishatiwa chupa ya tatu ya damu.